Mliuza kwa Bei Gani?



Tafakari ya leo ni ndefu kuliko kawaida, na haitakuwa tamu kwangu kuiandika. Kama uko kwa matatu, isome pole pole. Kama uko kazini, iweke ukaisome jioni na mwenzako wa ndoa. Hasa mwenzako wa ndoa, utaona kwa nini.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja kwa vitu viwili. Mpangaji akikuletea pesa ya mwezi, ile ni kodi. Ukiipeleka sehemu yake serikalini, ile nayo ni kodi. Mimi kwa miaka mitatu na zaidi nilikuwa stadi sana wa kodi ya kwanza. Ya pili nilijifanya siijui.

Wengi wenu wa hapa Kibarani mnaijua ile nyumba yetu ya zamani. Kiwanja tulikinunua mwaka 2008 kwa shilingi 250,000. Tukajenga kidogo kidogo: mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati, mwaka mwingine sakafu. Wazee wa kanisa walitusaidia kubeba mchanga. Watoto wetu walijifunza kutembea kwenye ule ukumbi kabla haujapakwa rangi. Nyuma tuliongeza vyumba viwili. Mwezi wa Januari 2021 kanisa likatupa nyumba karibu na madhabahu, tukahama, na ile yetu tukaipangisha. Familia ya mwalimu mmoja ikaingia nyumba kubwa kwa 18,000. Vijana wa Chuo Kikuu cha Pwani wakachukua vile vyumba viwili vya nyuma, kila kimoja 3,500. Jumla 25,000 kwa mwezi.

Zaka nilitoa. Nasema mbele za Mungu, kila mwezi 2,500 ilitengwa kabla hata sijanunua unga. Nilijisikia mtu mwaminifu. Lakini sheria ya nchi ilisema hivi: mtu anayepata kodi ya nyumba ya makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, anaripoti kila mwezi na kulipa asilimia 10 ya kile alichopokea, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Piga hesabu. 25,000 mara miezi 12 ni 300,000. Nilikuwa ndani. Asilimia 10 ya 25,000 ni 2,500, sawasawa na ile zaka. Kwa hiyo pesa ya Mungu niliijua hadi shilingi ya mwisho, na ya Kaisari, ambayo ilikuwa kiasi kile kile, ikanipotea machoni. Bwana Yesu alipoulizwa kuhusu ile sarafu katika Mathayo 22, alitaja wote wawili kwa pumzi moja. Mimi nilichagua nusu ya andiko.

Sasa mwaka 2024 ukaja. Mama yangu aliugua, akalazwa, na wenye kuuguza wanajua bili inavyopanda. Tulibaki na deni la zaidi ya laki sita, na mtoto wa kwanza alikuwa anaingia chuoni. Tukaomba, tukakubaliana na mke wangu: tuiuze ile nyumba. Akapatikana mnunuzi, ndugu mmoja aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi, anataka kurudi nyumbani. Tukaelewana milioni 4.3.

Dalali akaniambia, "Pasta, wewe uliishi pale miaka mingi. Nyumba uliyoishi haitozwi kitu." Nikafurahi. Nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo sikuwa nimelichunguza.

Wapendwa, sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu wengi wenu mna nyumba ya namna hii. Kenya ina kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo mawakili huiita CGT. Ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ni kweli kwamba sheria inaiachilia nyumba ya mtu anayoishi mwenyewe. Lakini sharti ni uwe umeishi ndani yake mfululizo kwa miaka mitatu iliyo mara tu kabla ya kuihamisha kwa mwingine. Haiulizi uliishi miaka mingapi zamani. Inauliza ile mitatu ya mwisho ulilala wapi. Mimi ile mitatu ya mwisho nililala nyumba ya kanisa, na mwalimu alilala kwangu. Ule msamaha ulinipita, hata kama kovu la mwanangu la kuanguka kwenye ngazi liko pale.

Nilipomwambia dalali, hakutikisika. "Basi sema hujawahi kuhama. Nani atakuja kuhesabu?" Nilipokataa hilo, mnunuzi mwenyewe akaja na njia ya pili. Sheria pia inaachilia ardhi ambayo mtu binafsi anaiuza kwa thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Akasema, "Pasta, tuandike 2.9. Hiyo 1.4 nakupa mkononi. Wewe hulipi kitu, na mimi ushuru wa stempu unapungua."

Nikamwambia nitaomba juu ya jambo hilo.

Niwaambie ukweli: sikuomba. Nilikwenda nikapiga hesabu. Kodi ilikuwa inakaribia laki nne na ushee. Nikaangalia bili ya mama. Nikajiambia kwamba serikali yenyewe inaiba. Nikajiambia kwamba kila mtu hapa mjini anaandika bei mbili. Nikajiambia hata kwamba nikibaki na pesa nyingi, zaka itakuwa kubwa zaidi. Shetani hakunijia na pembe, alinijia na kikokotoo. Alhamisi nikampigia yule ndugu simu nikasema, "Sawa."

Jumatatu tukaenda kwa wakili mjini Kilifi kutia sahihi. Kama ujuavyo, nyumba ya familia haiuzwi bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Lazima mke atie sahihi kwamba anajua na anakubali. Wakili akamsogezea karatasi. Mke wangu huvaa miwani kusoma, akaivaa, akasoma ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini ofisi ilikuwa ndogo:

"Baba, hii bei ni ya wapi?"

Nikamwambia tutaongea nyumbani.

Akasema, "Na Petro akiniuliza, nimjibu ipi?"

Wapendwa, miaka zaidi ya ishirini nahubiri Matendo 5. Chuo cha Biblia niliandika hata zoezi juu ya ile sura. Sikuwahi kuisoma kama nilivyoisoma siku ile, kwenye kiti cha plastiki, kalamu mkononi. Fungua Matendo 5:1-11 uone. Anania na Safira waliuza nini? Kiwanja. Walidanganya juu ya nini? Bei. Na Petro alipomaliza na mume, alimngoja mke aingie, akamuuliza yeye peke yake, kuhusu bei ile ile. Safira alikuwa na nafasi. Angeweza kusema hapana, haikuwa hiyo. Akaifuata kauli ya mumewe, na akaufuata mlango aliotokea mumewe.

Na tazama jambo ambalo wengi tunaliruka. Petro hakuwakosea kwa kubakiza pesa. Aliwaeleza wazi kwamba kiwanja kilikuwa chao kabla ya kuuza, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mikononi mwao. Dhambi haikuwa kiasi. Dhambi ilikuwa kusema namba moja wakati ukweli ni namba nyingine, na kukubaliana wawili kuisema.

Mimi nilikuwa naelekea kumfanya mke wangu Safira. Sahihi yangu ingekuwa uongo wangu, lakini ile idhini ingekuwa uongo wake, kwa mkono wake, kwa sababu alinitii. Nikaweka kalamu chini.

Mnunuzi alikasirika, na simlaumu, nilikuwa nimempa neno langu. Nikamwomba msamaha pale pale mbele ya wakili, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi uovu na sasa nauvunja. Akaondoka. Wiki mbili simu yangu haikulia. Hospitali ilipiga, yeye hakupiga. Usiku nilikuwa nalala najiuliza kama nimekuwa mtakatifu kwa gharama ya dawa za mama yangu. Sikupata sauti kutoka mbinguni. Nilipata mke aliyelala usingizi mzito kando yangu, na hiyo nikaichukua kuwa jibu.

Katika zile wiki mbili nikafanya lile jingine. Nikaenda kwa kijana mmoja mhasibu, nikamwonyesha daftari langu la kodi ya wapangaji. Miezi 36 ya mwaka 2021, 2022 na 2023, kila mwezi 2,500, ni 90,000. Tangu Januari 2024 kiwango kilishuka kuwa asilimia 7.5, kwa hiyo miezi mitano ya 1,875 ni 9,375. Jumla 99,375, mbali na faini na riba. Akaniambia kuna msamaha: kwa madeni ya hadi mwisho wa Desemba 2022, mtu akilipa kodi yenyewe yote kabla ya 30 Juni 2024 kupita, faini na riba zake zinafutwa. Ya baada ya hapo nitabeba mwenyewe. Baadaye mlango ule ulifunguliwa tena kwa waliochelewa, hadi 30 Juni 2025.

Nilitafakari juu ya msamaha huo. KRA ilisema: tunafuta faini na riba, lakini deni lenyewe ulilipe. Kristo alikwenda mbali kuliko hapo. Yeye deni lenyewe alilichukua. Sasa mimi niliyefutiwa lile kubwa, nitashindwaje kulipa hili dogo? Zakayo hakulipa ili aokolewe. Wokovu uliingia nyumbani mwake, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Niliuza pikipiki, nikakopa kwenye chama, nikalipa katika wiki ya mwisho ya Juni. Mnaikumbuka wiki ile. Vijana walikuwa barabarani nchi nzima kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia bungeni Nairobi, wengine wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Kijana mmoja wa kanisa letu akaniona natoka saiba na karatasi za iTax mkononi. Akaniuliza, na macho yake yalikuwa mekundu: "Pasta, leo? Watu wanakufa kwa sababu ya kodi na wewe unakwenda kuwalipa?"

Swali lake ni zuri na sitalikwepa. Nilimjibu hivi, na nawajibu nyote. Kulilia haki ya kodi si dhambi. Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Manabii walilia juu ya watawala waliokula maskini. Lieni, pigeni kura, ulizeni barabara iko wapi na dawa ziko wapi. Lakini Kaisari wa Mathayo 22 hakuwa mtakatifu, na Paulo aliwaandikia Warumi sura ya 13 wakati Nero yuko kwenye kiti. Wizi wa mkubwa ataujibu mkubwa. Namba niliyoandika mimi nitaijibu mimi. Nikipinga wizi kwa mkono ambao nao unaandika bei ya uongo, sijapinga wizi, nimeomba tu nafasi ya kuushiriki.

Hakukubali yote. Tuliachana kwa amani.

Baada ya zile wiki mbili mnunuzi akapiga. Akasema amekosa nyumba nyingine aliyoipenda, lakini atanipa 4.2, laki moja pungufu. Nikakubali. Nikamweleza pia jambo ambalo nilikuwa nimelijua kwa mhasibu: ile 2.9 ingemwumiza yeye. Siku yeye au watoto wake watakapouza, faida huhesabiwa kuanzia bei iliyo kwenye karatasi. Ile 1.4 iliyofichwa ingeonekana kama faida yake, na asilimia 15 yake ni 210,000. Yaani kodi niliyokimbia mimi ingemngoja yeye mlangoni. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unaniuzia deni." Ndiyo, ndugu yangu. Uongo wa bei haufi, unabadilisha mwenye nyumba tu.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Bei 4,200,000. Ukitoa dalali na wakili, 170,000. Ukitoa kiwanja, 250,000. Ukitoa gharama ya ujenzi. Kujenga kulitugharimu kama 1,400,000, lakini stakabadhi za 300,000 ziliharibiwa na mchwa ndani ya sanduku, kwa hiyo nikadai 1,100,000 niliyoweza kuithibitisha. Faida 2,680,000, kodi 402,000. Wale mchwa walikula 45,000 yangu ya kodi, wapendwa. Sijui kama nao wametubu.

Deni la hospitali lililipwa. Karo ikalipwa. Mkopo wa chama ukarudi. Ile pesa tuliyotarajia kuanzia nyumba nyingine haikubaki. Tunaishi bado nyumba ya kanisa, na pikipiki sijarudisha. Sitawaambia kwamba Mungu alinirudishia mara mia, kwa sababu hajafanya hivyo katika shilingi, na nisingependa mtu alipe kodi akitarajia bahati nasibu. Zaburi 15 inamsifu mtu ambaye husimama na neno lake hata linapomwumiza. Haitaji fidia. Inasema tu mtu huyo hatatikisika.

Lakini miezi miwili baadaye mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani jioni. Naye alikuwa anauza nyumba aliyokuwa ameipangisha. Alizunguka zunguka, akauliza habari za mama, za mvua, kisha akauliza: "Mchungaji, ile yako mliandika bei gani?" Nikamwambia. Akashusha pumzi. Akasema, "Nilikuwa nangoja kujua. Ungeandika ndogo, na mimi ningeandika ndogo." Nilipomsindikiza njiani miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Nilidhani Jumatatu ile kwa wakili tulikuwa watu wanne. Kumbe kanisa zima lilikuwa nje ya mlango.

Sasa, kwa yule mwenye nyumba ya namna hii, chukua haya. Mimi si mhasibu, na sheria hubadilika, kwa hiyo uliza wakili, mhasibu, au ofisi ya KRA kabla ya kutia sahihi.

1. Kama umehama na unapangisha, jua kwamba ule msamaha wa makazi unaangalia miaka mitatu ya mwisho kabla ya kuuza. Amua mapema, usingoje dalali akufundishe.

2. Kodi ya wapangaji iripoti. Ikiwa haifiki 288,000 kwa mwaka, bado ni mapato, inaingia kwenye ripoti yako ya mwaka kwa PIN yako.

3. Weka stakabadhi. Saruji, mabati, fundi, wakili, dalali. Zipige picha. Mchwa hawasomi iTax.

4. Kodi ya faida ni ya muuzaji, ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Ya muuzaji inadaiwa mapema kati ya siku mbili: siku unayopokea bei yote, au siku uhamisho unaposajiliwa. Usile pesa yote kwanza.

5. Ipo misamaha ya haki, itumie bila aibu. Mali kati ya mume na mke, ardhi isiyozidi milioni 3 kwa kweli, shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji. Kutumia mlango ambao sheria imeufungua si dhambi. Dhambi ni kuchora mlango ukutani.

6. Mwonyeshe mwenzako karatasi kabla ya siku ya sahihi. Ile karatasi ya idhini si mapambo.

Yeremia 32 inatuonyesha nabii akinunua shamba. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, hati ikaandikwa, ikatiwa muhuri, ikawekwa ndani ya chombo cha udongo ili idumu. Adui alikuwa ameuzingira mji, na serikali ilikuwa inaanguka. Bado mtu wa Mungu aliandika bei ile ile aliyoipima.

Leo kabla hujalala, mwulize mwenzako swali moja: kuna karatasi yetu yoyote ambayo tungeulizwa kila mmoja peke yake, tukatoa namba mbili tofauti? Kama ipo, anzeni hapo.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa deni ulilolilipa msalabani. Utupe mikono isiyoogopa karatasi. Wale wanaouguza, wale wenye bili, wale wanaojaribiwa wiki hii, uwashike wasitie sahihi uongo. Uwakumbuke na wanaoshika hazina ya nchi hii, nao wajue kwamba wataulizwa. Katika jina la Yesu. Amina.

Andika AMINA kama umeguswa, na umtumie mmoja anayeuza kiwanja. Jumapili tukutane saa tatu, njooni mapema, viti vya nyuma huisha.

Mchungaji wenu, na mume wa mwanamke aliyevaa miwani.